Sikutaka Jogoo, Nilimtaka Nakundwa

Kajiru, mtani wangu,

Shikamoo sikupi. Ulizaliwa nyuma yangu ukafa mbele yangu, hiyo ni adabu ya wapi? Hata foleni ya kaburini umeiruka.

Nakuandikia nikiwa hapa kwangu Chome, ukungu umeshuka kutoka mlima Shengena mpaka mlangoni. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo usianze kunisahihisha. Wewe ulimaliza la saba ukajiona profesa.

Habari za nyumbani kwanza. Mkeo Nanzia hajambo. Bado anapika makande ya kulisha kwaya, halafu ananiita nimsaidie kuyamaliza. Naenda. Usinikunjie uso huko uliko, ni makande tu. Yule mbuzi wako mkorofi ameuzwa, na hakuna aliyelia. Wewe walikulilia. Nilishangaa kidogo.

Sasa lile uliloniachia.

Uliponiita karibu na kitanda, sauti yako imeshakuwa nyembamba kama uzi, nilidhani unataka kutubu ile dengelua tuliyokuwa tukinywa nyuma ya kanisa. Kumbe ulikuwa na habari ya mwanao Elibariki. Alikuwa amemchukua Nakundwa, binti wa jirani yetu, akamshusha Same mjini. Asubuhi anafua kwa mwalimu, mchana anaosha vyombo kwa mama ntilie wa stendi, jioni anadeki nyumba ya wageni. Wote hao wanamlipa Elibariki kwenye simu yake. Binti anapata chakula na kigodoro stoo. Ukimuuliza Elibariki, anakwambia, "Namtunzia."

Ukaniambia, "Hata bibi yangu alitunziwa hivyo hivyo."

Bibi yako tulimjua wote, alikuwa akitufukuza kwenye miwa yake. Lakini yaliyompata utotoni alikusimulia wewe peke yako, mjukuu wa jikoni. Njaa ilipokaza, baba yake alimweka rehani kwa wasafiri ili ndugu zake wale, na hakuna aliyekwenda kumkomboa. Kabla hajarudi huku milimani, alikuwa Pangani, mtumwa wa mama mmoja wa mjini. Huyo mama hakuwa na shamba la kumlimisha, basi akawa anamkodisha. Leo achote maji nyumba hii, kesho abebe mawe ya wajenzi, keshokutwa atwange kwa mwenye duka. Jioni anarudi na ujira kwenye pindo la kanga, anaufungulia mkononi mwa yule mama. "Miguu yangu ilizijua nyumba zote za Pangani," alikwambia, "ujira wangu uliijua nyumba moja."

Siku uliyonisimulia hayo tulikuwa vijana. Mimi na wewe, kama watani wote, tulizoea kuitana "mtumwa wangu". Nikaingiwa na aibu, nikaanza kukuita Bwana Kajiru. Ukawaka! "Ukiacha kunitania nitajua unanihurumia. Niite!" Nikakuita. Ukaitika, "Naam, bwana wangu usiye na viatu."

Basi pale kitandani ukaniambia, "Mimi nikisema, Elibariki anasikia kikohozi tu. Wewe sema. Mtani hagombezwi msibani."

Nikasema. Siku ya kukuzika nilivaa koti lako la kijani na kofia yako, nikatumbukia kaburini kabla jeneza halijafika. Nikakohoa kama wewe, nikadai chai yenye sukari nyingi kama wewe. Watu walicheka huku machozi yanawatoka, Nanzia kashika mbavu. Mchungaji akawa anatazama mawingu. Elibariki anaijua mila, mtani akikaa kaburini hupewa anachodai ndipo atoke. Akapaza sauti, "Mleteeni huyu mzee jogoo wake!"

Jogoo akaja. Kajiru, jogoo mnono! Mungu anajua nilivyomtazama.

Nikasema, "Sitaki jogoo. Namtaka Nakundwa."

Wakaangua kicheko. "Babu na wewe! Kwa magoti hayo?" Nikawaacha wachoke. Kisha nikavua kofia yako, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe. Nikamtaja bibi yako, na Pangani, na maji na mawe na pindo la kanga. Ukoo wako ulikuwa haujui. Dada yako aliketi chini, palepale kwenye udongo. Nakundwa naye alikuwepo, ameletwa kuosha vyombo vya msiba, sufuria mkononi. Nikasema binti huyu alipwe mkononi mwake, la sivyo marehemu hashuki.

Elibariki akainama juu yangu. "Mzee, toka. Tutaongea nyumbani."

"Mimi niko nyumbani," nikamwambia. "Karibu."

"Ule wa bibi ni utumwa! Hii ni ajira, mimi ndiye niliyemtafutia!"

"Na yule mama wa Pangani alimtafutia bibi."

Ndipo Nanzia akasema, wala hakupandisha sauti, "Elibariki, baba yako anasubiri."

Akakubali mbele ya watu wote. Vijana wakanivuta nje kama gunia la tangawizi, ukashuka wewe.

Na neno lake amelitimiza, nisimsingizie. Nakundwa analipwa mkononi. Kwa mwalimu ameacha, amepanga chumba na mwenzake karibu na soko. Nilimkuta Same, nikategemea walau soda. Akaniamkia, akasema, "Babu, ulinitia aibu mbele ya kanisa zima." Akaenda zake, begi jipya begani. Nikampenda zaidi.

Ila wapo mabinti wengine wawili, Kajiru, na hao bado wanatunziwa. Nilimfuata Elibariki dukani kwake. Akaniamkia huku anatazama viatu vyangu, akasema, "Mzee, kaburini ulidai mmoja." Na kweli nilidai mmoja. Mwanao huyo ana kichwa chako.

Mwezi ujao ukoo utakusanyika kukujengea kaburi. Saruji imeshapandishwa, iko uvunguni mwa kitanda cha Nanzia. Watakapochanganya zege, watanikuta nimelala juu yako na blanketi langu, wachague kunimwagia mimi au kunisikiliza. Nimeshashuka Same nikawauliza wale mabinti majina yao, mmoja Naeli, mmoja Eliwaza, nisije nikakosea hesabu tena.

Kwa hiyo vumilia. Utakaa bila paa kidogo, na mvua za huku unazijua. Ninakuahidi hawatakufunika kabla Naeli na Eliwaza hawajalipwa mkononi mwao.

Kwaheri, Kajiru. Usiniite haraka.

Mtani wako,
Mbonea