Nilipandia Fort Worth

Houston, 5 Aprili 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai u mzima, wewe na binti yako Nuha, na goti lako limepoa. Mimi mwili mzima, moyo sio.

Naandika kwa sababu simu naiogopa siku hizi. Treni ilichelewa, Shangazi. Baada ya San Antonio tulisimama katikati ya nyasi, mara tunaambiwa reli, mara injini. Tulitakiwa kufika Houston Jumanne saa tano asubuhi, tukafika saa moja jioni. Kesi yangu ya uhamiaji ilikuwa saa saba na nusu mchana. Jaji aliniita, sikuwepo, akaamuru nirudishwe nyumbani. Miaka yangu sita imekatwa kwa dakika chache, na mimi niko dirishani naangalia nyasi.

Wakili wangu, Charlotte, anasema kesi yaweza kufunguliwa upya tukiomba kabla Septemba haijaisha. Lakini lazima nipate karatasi ya watu wa reli wakikiri kwamba nilikuwa ndani ya treni yao na kwamba wao ndio waliochelewa. Njia aliyoiona ni kudai fidia. Wakinilipa hata dola moja, wamekiri. Pesa yao siitaki. Dai nimeshalituma.

Niombee. Nashinda ndani na viatu miguuni. Juzi mlango uligongwa, nikadhani ni watu wa uhamiaji, nikajificha bafuni, mpaka Njoroge ninayekaa naye akanicheka: "Bro, toka, ni mtu wa gas tu, ana-check meter." Nilicheka naye, ila sikutoka mpaka niliposikia gari la gesi limeondoka.

Mwanao,
Muzammil

* * *

Grand Prairie, 13 Aprili 2025

Mwanangu Muzammil,

Waalaykum salaam, marahaba. Sisi wazima, goti ni lile lile, ndilo linalonijulisha kuwa bado niko hai. Barua yako niliisomea jikoni, na mchuzi ukaungua.

Najilaumu. Iddi mosi uliila na rafiki zako kule Garland, na Iddi pili ukataka kwenda zako Dallas kupanda treni bila kufika kwangu. Mimi ndiye niliyekataa. Nikakwambia Dallas ya nini, treni hiyo hiyo inapita Fort Worth, njoo ule kwanza nitakupeleka mwenyewe. Ndivyo tulivyolelewa, mtu hapiti karibu na kwa shangazi yake na tumbo tupu. Lakini treni ni ile ile na kiti ni kile kile, sidhani kama watasema neno.

Vua viatu ndani ya nyumba, utaota fangasi.

Shangazi yako,
Mashavu

* * *

Houston, 6 Mei 2025

Shangazi,

Assalaam alaykum, shikamoo. Nakuomba usome barua hii umekaa.

Wamesema neno. Tiketi yangu ilikuwa ya Dallas kwenda San Antonio kisha Houston. Kwa sheria yao, abiria asiyepanda kituo cha kwanza amepoteza njia yote, na tiketi inajifuta yenyewe. Dallas hawakuniona. Kwa hiyo, wanasema, sikusafiri, na asiyesafiri hakucheleweshwa. Wameandika kwa adabu kabisa na mwisho wamenitakia siku njema.

Nimewaeleza kuhusu kondakta wa Fort Worth, alivyoitazama tiketi kwenye simu yangu akaitikia kwa kichwa nipande. Wanasema hakuna alichoandika. Picha pekee niliyopiga njiani ni ya nyasi, na Charlotte anasema nyasi za Texas hazimthibitishi mtu.

Limebaki jambo moja. Wanakubali shahidi aliyeniona nikipanda, kwa maandishi ya kiapo, na jina lake kamili, anwani na simu. Shahidi ni wewe. Ulikaa nami mpaka mlango wa behewa ukafungwa. Na risiti ya maegesho ya pale kituoni ina tarehe, saa na namba ya gari lako. Namba ya dai nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Naomba uniandikie haraka.

Mwanao,
Muzammil

* * *

Grand Prairie, 18 Mei 2025

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Sisi wazima, alhamdulillahi. Joto limeanza na yule bibi ninayemuuguza hataki kuwashiwa kiyoyozi, basi naungua naye.

Ile risiti sikumbuki niliiweka wapi. Na mimi Kiingereza cha viapo sikiwezi. Hakuna abiria mwingine aliyekaa karibu nawe? Mtafute kondakta, watu wa kazi hukumbuka sura.

Nakuombea kila sala.

Shangazi yako,
Mashavu

* * *

Houston, 29 Juni 2025

Shangazi Mashavu,

Assalaam alaykum.

Nimekupigia mara tisa. Nuha anapokea, ananiambia, "She's sleeping," saa nane mchana. Lini wewe ulilala mchana?

Risiti niliiona kwa macho yangu ukiikunja na kuitia mkobani. Sikuombi figo. Nakuomba jina lako kwenye karatasi moja. Ukiwa na kadi yako ya kijani, ya ukaazi wa kudumu, unaogopa nini? Mwenye kuogopa ni mimi, ninayebadilisha njia ya kwenda kazini kila siku, ninayeshtuka gari likipunguza mwendo nyuma yangu. Sasa hata duka la nyama siendi.

Baba alipokuwa hai alisema nikifika Amerika nina mama wa pili. Nisingefika kwako Iddi ile, leo ningekuwa na karatasi zangu. Samahani kwa kulisema, lakini ndivyo ilivyo.

Muzammil

* * *

Grand Prairie, 10 Agosti 2025

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Usipojiita mwanangu tena, mimi bado nitakuita hivyo.

Sina kadi ya kijani. Sijawahi kuwa nayo. Viza yangu iliisha 2011. Marehemu mume wangu, Mwadini, alikuwa ndiye anayenishughulikia karatasi, akafariki kabla ya kumaliza, na leseni ya gari nayo ikaisha. Nyumbani nilisema nimepata, kwa sababu baba yako alikuwa mgonjwa na sikutaka alale na wazo langu. Baada ya hapo uongo ukazoeleka. Ndiyo maana nakukataza mabasi, watu wa uhamiaji huyakagua, ndiyo maana naendesha polepole kama bibi arusi. Risiti ile ina namba ya gari ninaloliendesha bila leseni. Kuandika jina langu na nyumba yangu nikapeleka kwa wakubwa, Muzammil, nilikuwa siwezi. Niliogopa. Kila nikiishika kalamu nairudisha mkobani.

Kuna Nuha. Ana miaka kumi na minne, kazaliwa hapa. Wakinichukua, atalala kwa nani?

Lakini barua yako ya mwisho nimeisoma kila siku kwa mwezi mzima. Nuha amenipigia chapa kiapo, akasimama kwenye neno la anwani akaniuliza, "Mama, are you sure?" Nikamwambia andika. Kimepigwa muhuri. Kimo humu pamoja na risiti. Kitumie.

Shangazi yako,
Mashavu

* * *

Houston, 16 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Assalaam alaykum, shikamoo, shikamoo tena.

Sikujua. Wallahi sikujua. Nimeona haya mpaka nimeshindwa kula.

Nakurudishia kiapo na risiti. Charlotte sikumwonyesha. Nitaenda kwa jaji na maneno yangu matupu, na akinikatalia nitarudi, nina mikono, nitafanya kazi. Mimi sina mtoto wa kumwacha shuleni. Vichome vyote viwili, na tusilizungumze tena. Naogopa sana, lakini hii ya kukuogopea wewe imekuwa kubwa kuliko ya kwangu.

Nisamehe kwa lile nililosema kuhusu Iddi.

Mwanao,
Muzammil

* * *

Grand Prairie, 9 Septemba 2025

Mwanangu Muzammil,

Waalaykum salaam, marahaba. Sisi wazima mpaka hivi ninavyoandika.

Tangu lini ukanipangia cha kuchoma? Bahasha yako ilifika Jumatano, tarehe 20 Agosti. Alhamisi nilikipeleka kiapo kwa watu wa reli mwenyewe, na risiti, na namba ya dai lako niliyoinakili kutoka barua yako ya Mei. Sikukuuliza, maana ungekataa.

Wamejibu. Barua yao ilikuja na jina langu lote juu ya bahasha, na yule mleta barua akalisoma kwa sauti kama anaita shuleni. Niliiweka juu ya friji siku mbili bila kuifungua. Nuha ndiye aliyeifungua. Wanasema wamekubali kuwa ulipandia Fort Worth, ulikuwa ndani ya treni mpaka Houston, na treni ilichelewa kwa muda wa saa nane, kwa kosa lao. Hundi watakutumia wewe. Barua hiyo nimeitia humu, mpelekee wakili leo, usingoje kesho.

Sisi tunahama Jumapili. Usiandike tena kwa anwani hii. Nuha atakupigia tukishatulia. Nalala na nguo za kutokea, na huyu mtoto siku hizi ananisindikiza mpaka garini kila asubuhi na haniachi mkono. Naogopa, mwanangu, sitakudanganya tena.

Jina langu limo kwenye mstari wa nne wa barua yao. Usilifute kwa kunihurumia, jaji hataipokea karatasi iliyofutwa.

Shangazi yako,
Mashavu