Chupa Iliyotoa Povu

Pasua, Moshi
Alhamisi jioni

Kaka yangu Daniel,

Shikamoo. Sijui huko uliko sasa ni asubuhi au usiku, wala kama meli imetulia au inayumba, ila naomba barua hii ikukute umekaa, una afya, na umeshakula. Sisi huku tunaendelea. Goti la Mama limepungua maumivu tangu mvua zikate, na anakutaja kila anapopika ndizi, maana anasema wewe ndiye pekee uliyejua kusifia chakula nyumbani kwetu. Baba naye ni mzima. Habari zake utazikuta mbele, na nakuomba usiruke mistari kuzitafuta.

Utashangaa kwa nini nimeandika kwenye karatasi wakati simu zipo. Nilianza kukuandikia ujumbe, nikafuta, nikaanza tena, nikafuta. Unanijua nikiwa na hofu: nasahau nusu ya jambo, na nusu inayobaki naianzia mwisho. Hili nataka nilipange vizuri. Pia barua hii inasafiri pamoja na kitu ambacho simu haiwezi kukibeba.

Tangu ulipomwambia mnunuzi wa meli yenu kwamba Moshi kuna mtu anayeweza kuwapatia chupa za stili, bosi wangu Bwana Ketan hajatulia. Ananiita kila saa nimsomee tena barua yenu, kana kwamba maneno yamebadilika tangu asubuhi. Nilivyoelewa mimi ni kwamba zamani kila abiria alikuta chupa ya plastiki chumbani, akinywa inatupwa anapewa nyingine, mpaka mkawa mnashusha magunia ya chupa tupu kila bandari. Sasa kila chumba kitakuwa na chupa yake ya stili, na abiria atajaza mwenyewe kwenye bomba la korido. Ni hivyo? Na hayo maji ya bomba mnayatoa wapi, ikiwa mmezungukwa na chumvi? Mzee Gurdev ananiambia mna mashine ya kugeuza maji ya bahari yakawa ya kunywa. Nilimwitikia kwa adabu lakini sijaamini. Je, yana ladha gani? Na meli ikiyumba, chupa hazibingiriki chumba kizima zikapiga kelele usiku? Abiria matajiri wanakubali kweli kujaza maji wenyewe, au wanakuita wewe? Nijibu yote, usichague.

Mzee Gurdev ndiye anayezitengeneza, kwenye karakana yake hapa hapa Pasua, karibu na chumba nilichopanga. Ni yule Kalasinga mwenye ndevu nyeupe aliyetengeneza matangi ya maziwa ya ushirika. Yeye na Bwana Ketan wamekua pamoja, kwa hiyo wanagombana kama ndugu. Bwana Ketan akisema mfuniko umelegea, Mzee Gurdev anamuuliza kama amewahi kushika nyundo maishani au anashika kalamu tu.

Jumamosi iliyopita Bwana Ketan alinipa boksi la sampuli niende nalo nyumbani Marangu. Alisema maji ya mjini yana dawa, na mtu aliyeyazoea hawezi kujua kama chuma kinaharibu ladha. Nizijaze maji ya kwetu ya mlimani, nizifunge, nizirudishe Jumatatu zikae kwenye dirisha la karakana, juani, mpaka Jumatano, halafu yeye na Mzee Gurdev wazionje mbele yangu. Zikipita, mzigo mzima unapanda lori Ijumaa, unavuka mpaka wa Holili kwenda Mombasa kuisubiri meli yenu. Zisipopita, hakuna mzigo, na jina lako wewe uliyetupendekeza litakuwa limechafuka huko.

Nilizijaza Jumamosi jioni. Mama alizitazama tu, akasema zinang'aa kama kikombe cha padre. Lakini Baba, kaka, alinishangaza. Alichukua moja akaigonga kwa ukucha, akainusa, akafungua na kufunga mfuniko kama mtoto. Akaniuliza zinakwenda wapi. Nikamwambia, kwa woga, kwamba zinakwenda kwenye ile meli. Unajua kwamba tangu ulipoondoka hajalitamka jina lako. Akilazimika sana anasema "yule wa majini". Nilitegemea ataiweka chini aondoke. Badala yake akauliza ni nani huko atakayezipokea. Nikasema wanaopokea vyombo ni watu wa jikoni na wa huduma, na wewe ni mmojawapo. Akauliza kama mfuniko utashika mpaka baharini. Nikasema ndicho tunachotaka kujua. Akasema haya, akaenda kumkatia ng'ombe majani. Mimi nikafurahi tu kwamba ameuliza, sikuwaza zaidi.

Jumatano tukakaa ofisini: Bwana Ketan, mama yake Mama Anusuya ambaye bado anakaa kwenye kaunta kila siku, Mzee Gurdev, na mimi na kalamu yangu. Chupa ya kwanza maji yalikuwa maji. Ya pili vilevile. Mzee Gurdev alianza kusuka ndevu zake kwa vidole, jambo analofanya akiwa na raha. Bwana Ketan akashika nyingine, akazungusha mfuniko, na kabla hajamaliza ukaruka mpaka kwenye pangaboi. Povu likatoka kama mtu amelisukuma kwa ndani. Likamwagikia shati, meza, na picha ya marehemu baba yake.

Hakuna aliyeuliza ni nini, kaka. Harufu ilijaza chumba. Mama Anusuya, ambaye hajawahi kuonja pombe maisha yake yote lakini amezaliwa jirani na soko, alisema kwa utulivu kabisa, "Hiyo ni mbege. Tena ya ulezi mzuri."

Bwana Ketan akasema anajua ilikotoka. Kwenye karakana ya Mzee Gurdev yupo fundi wa kung'arisha anayeitwa Ebenezeri, mtu wa Kibosho, ambaye kila mtu Pasua anajua kwamba Jumapili yake inafika mpaka Jumatatu. Bwana Ketan akasema huyo mlevi ameigeuza sampuli kuwa kibuyu chake, na mtu anayefanya kazi na walevi asimletee chombo cha kunywea watu. Akataka Ebenezeri aondolewe siku ileile, la sivyo oda imekufa. Mzee Gurdev akasimama. Alisema Ebenezeri anakunywa, ndiyo, lakini hajawahi kuacha hata tone likabaki mpaka likachacha.

Mimi nilikuwa nimekaa palepale. Chupa zile kabla ya kufika karakana zililala kwetu. Niliijua mbege ile. Ni ya Mama, ya Jumamosi, aliyopika kwa ajili ya watu wa jumuiya. Nilitakiwa kusema neno moja tu, na neno hilo lingeniondolea kazi. Sikuweza. Nilichoweza ni kumwomba Bwana Ketan asimfukuze mtu mpaka kesho yake. Akaniuliza kwa nini. Nikasema sijui, naomba tu. Akasema mpaka kesho saa nne.

Nikapanda Marangu jioni ile. Nilikuwa na uhakika ni Mama. Unajua desturi yake: kila Krismasi mbege ikiiva, kata ya kwanza anaimimina yako na kuiweka kando, na hakuna anayeigusa mpaka imechacha. Nikaona basi, safari hii ameamua ikufuate. Nikamuuliza jikoni, taratibu, nisimtie aibu. Akaapa hakugusa. Akasema yeye angekutumia ndizi zilizokaushwa, si mbege, kwani hana akili? Mbege mbichi ukiifungia si inalipuka, hata mtoto anajua.

Baba alikuwa mlangoni. Hakuingia. Akauliza kitu kimoja.

"Na jani, wameliona?"

Nikamuuliza jani gani. Akageuka, akaenda kukaa kwenye jiwe lake karibu na mfongo, ule mfereji wetu wa maji, mgongo ukitutazama. Mama akaacha kukoroga. Tulisikia maji yakipita.

Leo asubuhi nilimkuta Baba amevaa koti lake la kanisani na kofia. Mkononi alikuwa na kidumu kidogo cha maji. Tukashuka pamoja mpaka Moshi.

Bwana Ketan alikuwepo, na Mzee Gurdev, na Ebenezeri mwenyewe ameitwa, amesimama karibu na mlango, kofia mkononi kama mtu aliye mahakamani. Baba akawasalimu wote kwa mpangilio, akaanza na Mama Anusuya, wakaulizana habari za magoti. Kisha akasema, bila kukaa:

"Huyu kijana wa Kibosho hana kosa. Binti yangu hana kosa. Mbege ni yangu. Nilimwekea mwanangu Daniel."

Nimeandika alivyosema. Alikutaja kwa jina, kaka, mbele ya watu.

Akaomba aletewe ile chupa. Nilikuwa nimeambiwa niioshe na sikuiosha kwa sababu ya hofu, ilikuwa bado kwenye sinki ya nyuma. Baba akaingiza vidole viwili mdomoni mwa chupa, akatafuta, akavuta. Lilitoka jani la isale, limekunjwa na kufungwa fundo, bado ni kijani, linadondosha mbege kwenye sakafu.

Sikuhitaji kueleza chochote. Ebenezeri ndiye aliyeinamisha kichwa kwanza. Mzee Gurdev aliacha ndevu zake. Watu hawa wamezaliwa hapa, wanajua kwamba mtu akikuletea isale anaomba msamaha, na isale halikataliwi. Ila hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona mzee akilipeleka kwa kijana, baba kwa mwanawe. Mimi nilidhani mambo haya yanakwenda upande mmoja tu.

Bwana Ketan akafuta miwani. Akamwambia Baba, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kushika, kwamba hata hivyo mbege haiwezi kupita Holili, itawalipukia watu wa forodha. Baba akasema anajua, amekosea, alidhani chuma kinaweza kuizuia. Hapo Mzee Gurdev akainua kichwa. Akasema kimeizuia! Tangu Jumamosi mpaka Jumatano, juani, bila tone kuvuja, mpaka alipokuja mtu wa kalamu akafungua. Plastiki ingepasuka Jumatatu. Hata Mama Anusuya akacheka, na Bwana Ketan, shati jipya na yote, akasema basi, mzigo utaondoka. Alipopita karibu na Ebenezeri alimpa mkono. Kwangu alisema tu kwamba siku nyingine nikijua jambo niliseme siku hiyohiyo. Kazi ninayo bado.

Sasa nikuambie ambalo sikuwahi kukuambia kwa simu, kwa sababu sikulijua mpaka leo mchana, nilipomsindikiza Baba stendi. Alinieleza mwenyewe. Siku uliyoondoka alikuambia kwamba mwenye kihamba, shamba la ukoo, haendi kuishi juu ya maji yasiyonyweka, na ukienda usirudi kudai shina hata moja la mgomba. Hiyo uliisikia. Usiyoijua ni kwamba jioni ileile alikata isale akashuka mpaka stendi kukutafuta, akakuta basi limeshaondoka. Akarudi nalo. Tangu hapo kila akipalilia mpaka wa shamba anayaona masale yamesimama pale, na hajui alipeleke wapi jani moja, maana wewe huna mlango wa kupigiwa hodi. Aliposikia kwamba ipo chupa itakayofika mkononi mwako, akaona mlango umepatikana. Na isale kwetu halipelekwi mikono mitupu, ndiyo maana akaweka mbege.

Safari hii ameweka maji. Ndiyo yale ya kidumu, ya mfongo unaopita nyuma ya nyumba, ambao wewe na mimi tulikuwa tunauziba kwa matope tukachapwa. Alisema maji hayachachi. Alitaka pia ujue kwamba haya yananyweka.

Mama anakusalimu. Mzee Gurdev anauliza kama mashine ya maji ya bahari ni ya stili au ya shaba. Ebenezeri, ambaye hamjuani, anasema ukirudi ana deni la kukunywesha. Mimi nakuombea usalama juu ya hayo maji yote, na nasubiri majibu ya maswali yangu, hasa lile la kubingirika.

Juu ya boksi niliandika kwamba barua isomwe kabla chupa haijafunguliwa. Kama umenitii, chupa iko mbele yako bado imefungwa, na jani limo ndani. Fungua taratibu. Ni maji tu, lakini mfuniko ameufunga Baba mwenyewe, na unaujua mkono wake.

Mdogo wako akupendaye,
Mektrida Wenseslaus