Tundu la Kona ya Nyuma

Kwako dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake, nikiamini barua hii itakukuta umeketi vizuri na goti limetulia. Je, ile dawa ya kuchua niliyokutumia imesaidia, au umeipanga dirishani pamoja na zile nyingine ili zipigwe jua? Nakujua wewe. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako anakusalimu sana, bado anachomelea mageti ya watu na bado geti letu wenyewe halifungi. Mwanao na mkewe nimewaona, nao hawajambo, na habari zao ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Mimi ni mzima wa mwili. Hali ya moyo nitakueleza mbele kidogo, uwe na subira.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Dada, kwenye simu ukibanwa unaanza kukohoa, na mimi nikisikia kikohozi nasahau nilichopigia, naanza kukuuliza kama umekunywa maji ya moto. Karatasi haina kikohozi. Miwani yako iko juu ya televisheni kama kawaida. Ivae, usome mpaka mwisho.

Unakumbuka macho yangu yalivyonigomea. Mshonaji mzima, nikawa natunga uzi pembeni ya sindano, huku naapa kwamba sindano siku hizi hazina matundu. Nilipofikia hatua ya kushona mkono wa gauni kwenye shingo, na mteja kwa huruma akalivaa hivyo hivyo mpaka nje ya mlango, niliifunika cherehani nikalia kama mtoto. Wewe ndiye uliyenituliza. Ukasema mikono yangu bado ni mizima na kichwa changu bado kinafanya kazi, na baada ya siku chache ukanitumia kwa basi kile kimashine cha kuokea vikeki vya mviringo, vile vinavyochomekwa kijiti kama pipi. Kidogo, rangi ya waridi, kinakaa mezani kando ya birika. Ukikifungua unaona vishimo kumi na viwili chini na vingine kumi na viwili juu, kama nusu nusu za mayai zinazosubiriana. Nilikikumbatia. Shemeji yako ni shahidi.

Vikeki vya kwanza vilitoka na kofia. Nilijaza rojo mpaka pomoni, nikafunga kifuniko, likafurika pembeni na kuganda, basi kila kikeki kikawa na ukingo wake kiunoni. Shemeji yako akavipigia saluti kimoja kimoja kabla ya kuvila. Vya pili vilikuwa na sura nzuri, ila ukikiinua kwa kijiti unabaki na kijiti, kikeki kimeshafika sakafuni. Sikukata tamaa. Nikajifunza kwamba rojo linaishia kwenye mdomo wa kishimo cha chini, lisizidi hata tone. Nikajifunza kukwangua ganda la chungwa ndani ya unga, ile rangi ya nje tu, maana ule weupe wa ndani ni mchungu. Nikajifunza kungoja mvuke uache kutoka pembeni ndipo nifungue. Na kijiti hakiingii kikavu: unachovya ncha yake kwenye chokoleti iliyoyeyushwa, unaichomeka, unaweka kwenye friji mpaka ishike, halafu ndipo unachovya kikeki kizima, unakizungusha taratibu na kugongagonga kifundo cha mkono ili chokoleti ya ziada idondoke. Shemeji yako akanichongea bati la matundu matundu la kusimamishia vijiti vikauke. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane, alimaliza kazi ya nyumbani siku aliyoahidi.

Nilikueleza pia habari za mwenye mgahawa wa mbele ya zahanati, yule tunayemwita Mzee Kikombe kwa sababu hamjibu mtu kabla hajamaliza kufuta kikombe alichoshika. Nilimpelekea vikeki vyangu. Alikula kimoja, akafuta kikombe, akala cha pili, akafuta kingine, kisha akasema nilete tena kesho. Akavisimamisha ndani ya kile kisanduku cha kioo anapolipia mtu, na wauguzi wakitoka zamu wakawa hawapiti bila kuchukua. Dada, sijui kama nilikueleza vizuri nilivyojisikia. Nilikuwa nimezoea kuitwa mshonaji aliyepofuka. Siku hiyo, njiani, mtoto mmoja alinyoosha kidole akamwambia mama yake kwamba yule ndiye mama wa vikeki. Nilifika nyumbani najichekea peke yangu.

Basi ndipo simu zako zilipoanza. Ulisema goti limekufunga ndani, umechoka kuangalia ukuta, na wewe ungependa kununua kimashine kama changu ujipotezee muda. Nilifurahi kupita kiasi. Dada yangu mkubwa, aliyenifundisha hata kukoroga uji, leo ananiuliza mimi mapishi! Nikakumwagia yote bila kubakiza. Kiasi cha sukari, kiasi cha maganda ya chungwa, chokoleti gani inang'aa na ipi inafifia. Mpaka tabia za Mzee Kikombe nilikupa kama masihara: hapendi utamu unaokwama kooni, hapendi kubembelezwa, na ukitaka akusikilize umwendee kabla wauguzi hawajabadilishana zamu. Nilishangaa kidogo ulipotaka nirudie hayo ya Mzee Kikombe. Nikadhani umepata kicheko, nikayarudia na kuyatia chumvi.

Siku ile ile nilikwambia kuhusu tundu la kona ya nyuma, upande wa kushoto. Nilisema usilijaze rojo, tia kijiko kidogo cha maji kisha ufunge. Ulinisimamisha, ukauliza kona ipi hasa, ukalirudia neno kwa neno kama mtoto anayekariri. Hukuuliza sababu, nami sikuisema. Baadaye kila nilipokuuliza vya kwako vimetokaje, ulijibu kwamba vimetoka vizuri, vinanukia nyumba nzima, majirani wanakusumbua.

Kisha asubuhi moja nilifika kwa Mzee Kikombe na sinia langu, nikakuta kisanduku cha kioo kimejaa. Vimesimama wima kwenye vijiti, vya rangi mbalimbali, hata zambarau. Mzee alifuta kikombe muda mrefu kuliko kawaida yake. Akaniambia kuna mama kijana anamletea vile vile, vyenye chungwa lile lile, tena ana rangi nyingi na analeta kwa wingi, na kaunta yake ni ndogo, haiwezi kubeba watu wawili. Akaniomba nisimwelewe vibaya. Nilimwelewa vizuri sana. Nilibeba sinia langu nikarudi nalo nyumbani kupitia njia ya nyuma, nisikutane na yule mtoto. Shemeji yako alivila vikeki vyangu bila utani wowote, na nilipoona hatanii ndipo nilipojua mambo yameharibika.

Nilikupigia wewe. Nilikuwa nalia mpaka maneno hayatoki, nikakwambia mtu amenitoa tonge mdomoni na sijui hata ni nani. Unakumbuka ulichonijibu? Ulisema dunia imejaa wezi. Ukasema nisihangaike kumtafuta mtu huyo, nitajipandishia presha bure, nimwachie Mungu. Ulinibembeleza mpaka nikapata usingizi mchana kweupe. Nilipoamka nilimwambia shemeji yako kwamba ningekuwa sina wewe ningekwisha.

Sasa nifike kwenye yenyewe. Wiki iliyopita nilisikia mjukuu wetu ana mafua, nikaenda kumjulia hali. Unajua kwamba mkwe wetu hajakanyaga kwangu tangu kabla kimashine hakijafika. Nilikuwa sijamwekea kinyongo, nikisema mama wa mtoto mdogo hana nafasi. Mlango ulikuwa wazi. Nikabisha hodi huku naingia, kama mama mdogo anavyoingia kwa mwanawe, nikamkuta jikoni.

Alishtuka mpaka mwiko ukamtoka mkononi. Mezani pana kimashine kipya, cheupe, kinang'aa, kikubwa kuliko changu, na kando yake bakuli la chokoleti ya zambarau. Alinisalimia kwa adabu, akanipa kiti, akaanza kueleza haraka haraka kwamba tangu mwanao aachishwe kazi imebidi na yeye ajishughulishe. Nikajipa moyo kwamba vimashine vinauzwa kila mahali, na chungwa si mali yangu. Naye ili asikae bure akaendelea kumimina rojo. Akajaza kishimo cha kwanza, cha pili, akaenda hivyo hivyo mpaka kona ya nyuma, upande wa kushoto. Hapo akaruka. Akachukua kijiko kidogo, akatia maji, akafunga kifuniko.

Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, kama asiyejua kitu, kwa nini lile tundu halijazi. Akasema ndivyo inavyotakiwa, vimashine hivi vyote viko hivyo, ukilijaza lile unaviharibu vyote. Nikamuuliza nani alimwambia. Akainama, akasema alifundishwa tu.

Dada, kuna jambo sikuwahi kukwambia, na nakwambia leo. Kimashine ulichonitumia kilifika kimebonyea. Nadhani kwenye basi walikiwekea mzigo mzito juu. Kifuniko hakikai sawasawa kwenye ile kona, na rojo ukilitia hapo linavuja na kuungua, jiko zima linajaa moshi. Ukiliacha tundu tupu, yale mafuta ninayopaka vishimo yanafuka moshi vile vile. Ndiyo nikabuni kijiko cha maji. Sikukueleza kwa sababu ulikuwa umefurahi mno ulipouliza kama kimefika salama. Nilijibu kwamba kimefika salama salimini. Nisingeweza kuitia doa zawadi yako.

Kwa hiyo lile tundu si kanuni ya vimashine. Ni ugonjwa wa kimashine changu peke yake. Aliyekiona kwa macho anajua sababu. Shemeji yako anajua, hata alitaka kukinyoosha kwa nyundo nikamfukuza jikoni. Mtu wa kuamini kwamba kila kimashine duniani kinanyweshwa maji kwenye kona ya nyuma ni yule tu aliyesikia bila kuona, naye nilimwambia kwenye simu. Sijamwambia mtu mwingine yeyote. Nilikwambia wewe.

Mkwe wetu alinipa kikeki kimoja nionje. Nilikila chote. Kilikuwa kitamu, dada. Kilikuwa changu.

Sikumgombeza. Amefundishwa na mama mkwe wake, angekataaje? Na wewe ni mama, mwanao hana kazi, mjukuu anataka maziwa. Hilo nalielewa na halihitaji miwani. Ungeniambia, ningempa kiti jikoni kwangu na aproni yangu ya pili, tungegawana hicho kisanduku cha kioo, asubuhi yake, jioni yangu, na Mzee Kikombe angefuta vikombe akakubali. Mwanao ni mwanangu pia. Nilimbeba mgongoni ulipokuwa kazini. Lakini uliniona mimi ni mtu wa kuzungukwa. Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ukanichota maarifa kidogo kidogo, huku unanisifu. Hata hayo pengine ningeyameza. Kinachonikata maini ni ile siku niliyokupigia nikilia. Ulinisikia, ulimjua mwizi kwa jina, na ukaniambia nisimtafute.

Nimesoma tena hapo juu nikataka kupafuta. Nimeacha, maana ndivyo ninavyojisikia.

Najua mwezi ujao unakuja kuonana na daktari wa goti. Chumba chako kipo, shuka nimeshafua, na mto ule wa kuegemeza mguu nimeuweka. Shemeji yako atakupokea kituoni na atakubebea mzigo. Chai nitakuletea chumbani, chakula tutakula wote sebuleni, na wageni wakija nitakuita dada kama siku zote. Lakini jikoni kwangu usiingie. Ukitaka maji, ita.

Nawasalimu majirani wote, hasa yule wa ng'ambo anayekusomea vibandiko vya dawa. Shemeji yako anasema uje na koti, asubuhi kuna baridi. Usiache kuchua goti kila jioni. Nakuombea afya.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Kitinda

Nimesahau kitu kimoja. Mwambie mkweo alijaze lile tundu, anapoteza kikeki kizima kila mara anapofunga kifuniko. Nilikuwa na nia ya kumwambia mwenyewe, nikakumbuka ana mwalimu wake.