Sinia la Mtawa Karmena

Dengfeng, Guangzhou
Jumapili, 15 Oktoba 2006

Mpendwa mdogo wangu Bibiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini goti lako limetulia na mvua za vuli zimeanza vizuri huko nyumbani. Mimi nipo. Moyo unapiga kwa kusitasita, na ngazi za ghorofa ya tatu sizipandi tena bila Japheth kunishika mkono. Mwanao ananitunza mno. Mkewe Nadège ananipikia uji kila asubuhi, na nisipoumaliza ananigombeza kwa Kifaransa.

Barua yako imefika, nimeisoma mara nne. “Kaka, mimi mzima. Nimeandika mwenyewe. Nani kama mimi?” Hakuna, Bibiana. Herufi zimelala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, lakini zote zipo. Japheth aliipeleka dukani akawasomea wateja wa jinzi. Mulumba, Mkongo anayeuza simu pale jirani, akasema wanawake wa Tanzania wanatisha, na kwamba tuombe mama huyo asije akajifunza Kichina, maana sote tutafunga maduka.

Habari kubwa ni ya mjukuu wako, wajina wako. Ametimiza mwaka. Siku tatu kabla, Mama Liang mwenye nyumba alikuja kuuliza kama tumeshaandaa sinia. Tukamuuliza sinia la nini. Akaeleza, Japheth akitafsiri, kwamba kwao mtoto akitimiza mwaka huwekewa vitu mbalimbali mbele yake, na anachokishika ndicho kinachoonyesha atakuwa nani. Ikabidi nikae. Desturi hiyo hiyo niliiona misheni mwaka 1941, kwa Mtawa Karmena, aliyetoka kijiji kidogo cha Malta.

Wewe humkumbuki, alihamishwa ukiwa na miaka mitatu. Alikuwa mfupi, msemaji, na alikipenda kijiji chake hata sisi watoto tukakijua kuliko vijiji vya jirani. Alituambia kanisa lao lina saa mbili, moja ya kweli na moja ya kumdanganya shetani asijue Misa inaanza lini. Alituambia kwamba siku ya mtakatifu msimamizi wao wanaume hubeba sanamu mabegani, bendi ikipiga, na fataki zikilia mpaka kuku wanasusa kutaga. Krismasi alitupikia mikate ya duara yenye asali ndani. Na kila mtoto wa misheni aliyetimiza mwaka alimwekea sinia, kama mama yake alivyomwekea yeye.

Basi jana tukafanya. Sebule ilijaa watu. Mama Liang alitandika kitambaa, akapanga kikokotoo, kalamu, mkasi na kitunguu cha majani, ambacho kwao ni dalili ya akili. Nadège akaongeza rozari. Murshid wa Zanzibar, mfanyabiashara mwenzao, akaweka simu karibu na rozari, akisema biashara haina dini. Mulumba akapiga kelele mtoto ashike kikokotoo, na Japheth akamwonya asimfundishe mwanawe kupunja watu angali na meno manne. Bibiana mdogo akavitazama vitu, akatutazama sisi, kisha akakamata kitambaa kwa mikono miwili na kukivuta. Vyote vikamwangukia mapajani. Mulumba akatangaza kwamba laoban amezaliwa, ndivyo wanavyomwita bosi huku, na kwamba huyu hachagui, anachukua duka zima. Tulishangilia mpaka jirani wa chini akagonga bomba. Mama Liang alicheka hadi machozi.

Yangu yalikuwa machozi mengine, na kwa ajili yake ndiyo nakuandikia.

Maisha yako yote umeambiwa kwamba kwenye sinia la Mtawa Karmena ulishika mwiko. Wewe mwenyewe umelisimulia hilo kwa majigambo, ukiwapikia wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, na baadaye katika hoteli yako. Si kweli.

Siku ile nilikuwa na miaka tisa, na mimi ndiye niliyeshika sinia. Baba alikuwa amewatania wageni kwamba nguvu yake inatosha kusomesha mtoto mmoja tu, hivyo binti akishika kalamu, Agustino atakwenda kuchunga ng'ombe. Wakubwa walicheka. Mimi sikujua kama ni utani. Kabla hujagusa kitu, kengele ya saa sita ikalia. Wote wakasimama, wakafumba macho na kuanza Malaika wa Bwana. Mimi sikufumba. Ulinyoosha mkono, ukaichukua kalamu ya Mtawa na kuing'ang'ania. Nikakufumbua vidole kimoja kimoja, nikairudisha kalamu kwenye sinia, nikakupa mwiko. Waliposema Amina ulikuwa unalia na mwiko mkononi, nao wakapiga vigelegele.

Baba aliiamini ishara ile kuliko nilivyodhani. Ulipofika miaka minane, mwalimu alikuja kukuombea nafasi shuleni. Baba akamjibu kwamba Mungu alishaonyesha. Nilikuwapo, Bibiana, na nilinyamaza. Kosa la mtoto wa miaka tisa ningeweza kulitetea. La kijana wa miaka kumi na sita siwezi.

Barua zangu zote ulisomewa na watu, nami nikajipa sababu kwamba siri hii haifai kupita midomoni mwao. Sasa unasoma mwenyewe, na sababu yangu imekwisha. Naliandika hili kwa aibu, lakini pia kwa furaha ambayo siwezi kuizuia. Kwa mwiko niliokupachika umesomesha watoto sita. Kisha ukiwa na miaka sitini na minne ukaenda mwenyewe kukaa kwenye dawati la elimu ya watu wazima. Nilikunyima shule, nawe umenishinda, na sijawahi kufurahia kushindwa namna hii.

Madaktari wananihesabia hadi Pasaka, labda. Msafiri wa Alhamisi atakuletea bahasha hii, usimpe mtu akusomee. Sitaki unisamehe upesi kwa kuwa nakufa. Kasirika kwanza, uniandikie hasira yote, na wino usiubanie.

Nisalimie watoto, majirani, na mwalimu wako. Nadège anakubusu mashavu yote mawili.

Ni mimi kaka yako, niliyesoma kwa zamu yako,
Agustino