Mwanga wa Renatus

Bukiriro, Novemba 1979

Wifi yangu Rozalia,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku maharage yamestawi, mbuzi wako amezaa mapacha, na goti la Mama limepoa kidogo.

Wenzake waliokwenda naye vitani wamerudi, lakini habari za kaka yako Renatus hakuna anayezijua. Kila jioni baada ya rozari Mama alikuwa akimwombea pamoja na walio safarini. Jana hakumtaja hapo. Tulipofika kwenye sala ya marehemu wetu, akasema, "Renatus. Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Mimi ndiye huitikia. Nikanyamaza.

"Domisiana," akasema, "kama mwanangu yuko gizani, sala hii ndiyo taa yake. Tukiogopa kuisali kwa sababu sisi tunaumia, nani atamwashia?"

Nilijua anasema kweli, lakini mdomo uligoma. Akanisubiri, mwishowe akajiitikia mwenyewe, "Na mwanga wa milele umwangazie."

Wifi, ukisali huko Nyakanazi, itikia kwa niaba yangu. Mimi bado ninamfunikia chakula.

Mke wa kaka yako,
Domisiana