Tarakimu Baada ya Nukta

Lom, tarehe 9 Novemba

Mdogo wangu Nevena,

Nina miaka themanini na tatu. Nimeishi muda mrefu kuliko wake zangu wawili, kuliko kiwanda kilichonila mgongo, kuliko serikali iliyokijenga, na kuliko madaktari watatu walioniambia niache sigara. Wa mwisho tulimzika Machi. Kwa hiyo afya yangu usiiulize, mimi ni mzima kama chuma. Wewe mguu wako unaendeleaje? Na yale maji ya moto ya Hisarya yanakusaidia kweli, au unayafuata kwa ajili ya umbea tu?

Mkono wangu ni mzito kuandika, unajua niliachia shule darasa la nne nikaenda kuchunga kondoo. Lakini kwa simu ungenikatia. Umeniuliza mara tatu kwa nini Luben hapokei simu zako, na kama bado atahamia kwako baada ya Krismasi kama mlivyopatana. Basi kaa chini usome.

Unalijua kundi letu la wapenda hesabu mtandaoni. Luben alilianzisha alipostaafu kazi ya upimaji ardhi, na sasa lina watu elfu moja na mia mbili, toka Vidin mpaka Burgas. Wanaleta maswali yaliyowashinda, wanapeana vifaa: huyu kaona kikokotoo cha bure kinachochora grafu, yule kaona programu ya kuchorea ambayo ukivuta nukta moja mchoro wote unasogea. Luben alimjibu kila mtu, hata wanafunzi wavivu, hatua kwa hatua, bila kufoka. Mimi alinifundisha kompyuta jikoni kwake, chupa ya pombe ya rakia katikati. Hata majibu yangu aliyapitia kwanza anirekebishie herufi, nisichekwe. Miaka tisa hivyo. Mimi niliyekuwa nakereza vyuma kwa hesabu ya kichwani, wahandisi wenye vyeti wakija kuniuliza! Na kundini wakawa wanasema, kaka Gancho siku hizi anajitahidi, ahsante Luben.

Sasa, kuna jambo ambalo kila mpenda hesabu huonywa asiliguse, nalo ni kuigawa pembe yoyote mafungu matatu sawa kwa rula na bikari peke yake. Ilishathibitishwa zamani kwamba haiwezekani. Na kila mwaka hutokea mtu mwenye akili timamu akasema haiwezekani kwenu, si kwangu. Mwaka huu alikuwa Luben wako. Alichukua pembe ya nyuzi 60, akachora mistari na duara, akaiacha programu ipime, nayo ikampa nyuzi 20.00 kwa kila fungu. Lakini programu ile isipoguswa huonyesha tarakimu mbili tu baada ya nukta. Luben analijua hilo, ila macho yana mtoto wa jicho na namba ndogo hazioni tena. Akaniletea mimi, akasema, kaka, fungua tarakimu zote kumi na tano, wewe una jicho la fundi, ukiniambia ni sawa nitaamini. Jioni ile ile nikamjibu kwamba ni sifuri tupu mpaka mwisho.

Mkutano wa mwaka wa kundi ulikuwa hapa kwetu, ukumbi wa juu ya maktaba, watu kama sitini. Luben alivaa suti ile aliyosema ataivaa siku ya harusi yenu. Alieleza nusu saa, sauti ikimtetemeka kwa furaha. Alipomaliza akasimama Vihra, mhandisi kutoka mji wa Ruse, mwanamke mwenye mdomo kama wembe, akamwambia haya bwana mpima, tufungulie tarakimu zote tushangilie vizuri. Luben akazifungua mwenyewe, mchoro ukiwa umemulikwa pale ukutani, kila mtu anaona. Baada ya zile sifuri mbili ikatokea tatu, kisha saba, kisha mkia mrefu. Yeye peke yake hakuweza kuzisoma. Akawa anauliza, ni sifuri? Ni sifuri, jamani?

Wakacheka mpaka viti vikalia. Vihra akasema nusu ya mashamba ya mkoa huu yalipimwa na bwana huyu, nendeni mkahesabu miti yenu upya. Mwingine akadakia kwamba asipewe kisu cha keki, kuna mtu atapunjwa. Luben akageuka kunitafuta kwa macho yale yenye ukungu. Mimi nilikuwa na kipande cha banitsa ya jibini mdomoni. Basi akawaambia kosa ni lake, hakumpa mtu yeyote aikague. Jina langu hakulitaja.

Kesho yake akaniandikia ujumbe kwa herufi kubwa. Kwamba nisijilaumu, kwamba kufungua tarakimu kunawachanganya wengi, na hivi ndivyo inavyofanywa: kwanza bonyeza hapa, kaka, kisha hapa. Michoro na mishale, kama kwa mtoto wa chekechea!

Nevena, damu ilinipanda. Nikatengeneza tangazo la msiba, na picha yake, na msalaba, na mpaka mweusi, kwamba umetutoka ghafla, kwa zile tatu na saba zilizozidi baada ya nukta, Ugunduzi wa Luben Karadzhov. Nikalibandika mlangoni kwake kabla ya misa. Wapita njia wakaona picha, maneno hawakuyasoma. Saa nne wajane watatu wa mtaa wakapiga hodi na maua ya krisanthemu, idadi shufwa, kama yanavyopelekwa kwa maiti. Akafungua mwenyewe. Mmoja alipiga yowe akaanguka kwenye ngazi. Luben akayapokea maua, akawashukuru, akafunga madirisha yote. Mpaka leo. Ndiyo maana hapokei simu.

Sasa lile ambalo hujui, na yeye hajui. Nilizifungua zile tarakimu. Dakika mbili tu! Niliiona ile tatu, niliiona saba, nikamwandikia sifuri tupu. Na Vihra, ni mimi niliyempigia simu Ruse nikamwambia aulize nini. Sikukosea mimi, Nevena, hata tarakimu moja. Nikienda kuomba radhi atasema tena, maskini Gancho, hakujua. Siendi. Wewe mwambie. Ukimtaka au usimtake, shauri lenu. Lakini asije akafa akidhani mimi sijui kusoma namba.

Nisalimie mtoto wako Zlatka na mumewe, na paka pia. Ukiona naongeza chumvi, muulize Vihra, bado ana namba yangu kwenye simu yake. Muulize Totka wa posta, alinishikia gundi. Na Luben afungue kompyuta yake mwenyewe: programu ile huweka tarehe na jina la kila aliyefungua mchoro na alichokifanya. Jina langu liko pale, wiki tatu kabla ya mkutano, tarakimu kumi na tano.

Ni mimi kaka yako,
Gancho Velkov