Kifungu cha 118

Jumapili, 5 Oktoba
Kifungu cha 14 na cha 86. Vingine leo sikuviweza. Cha 14 kinataka mashine zenye hatari kubwa zisimamiwe na binadamu. Cha 86 kinampa mtu aliyedhurika na uamuzi wa mashine haki ya kuelezwa. Nimeviandika kwa Kiarabu kizuri. Kisha nimeviandika tena kwa Kiarabu anachokipenda Ustadh Hilal, ambacho ni kirefu zaidi.

Mwezi wa tatu huu nachimba sheria ya Ulaya ya akili mnemba. Serikali za kule zinaitumiaje, zinaizuiaje. Idara yetu inatoa vibali vya kujenga, Ulaya haituhusu ndewe wala sikio. Lakini kamati ya idara inataka kulifunga dirisha la chini, la mwisho ambapo raia anaonana na mtu, kila ombi lipite kwenye programu ya simu. Ustadh Hilal, mkuu wangu wa kitengo cha sheria, hataki. Anataka ripoti yangu impe silaha. Alkhamisi asubuhi iwe mezani kwake.

Naandika hapa ili nisiandike kule.

Jumatatu, 6 Oktoba
Mama kakataliwa tena. Anataka kupaua baraza ya nyumba yetu kule Bustan. Programu imemjibu kwa neno moja: Limekataliwa. Sababu hakuna. Kavaa buibui, kaja ofisini Qurum na teksi, moja kwa moja dirishani kwa Bi Thuraya. Bi Thuraya kaangalia dakika moja. Picha ya ramani aliyoituma ilipigwa kichwa chini.

"Mashine ile haina adabu," Mama kaniambia. "Ingesema tu, samahani bibi, geuza karatasi. N'nagombana nayo mwezi mzima!"

Ramani imegeuzwa. Wale wawili wakakaa wakizungumza arusi mpaka foleni ikalalamika.

Jumatano, 8 Oktoba
Arusi ya binamu leo, Qurayyat. Natakiwa niondoke saa nane mchana, nguo haijapigwa pasi, na jedwali la mwisho la ripoti liko tupu. Nimeiomba programu ya akili mnemba inijazie. Aina ileile ambayo kurasa arubaini nzima naonya isiaminiwe. Imejaza kabla sijamaliza kufunga mtandio. Jedwali safi. Nimelipitisha macho. Nimetuma.

Biriani ilikuwa nzuri.

Alkhamisi, 9 Oktoba
Ustadh Hilal kaniita. Nimemkuta amesimama. Mtu huyu hasimami.

"Zuwena! Hiki kifungu cha 118 ulikificha wapi?"

Akanisomea kwa sauti ya khutba: kila raia ana haki ya kuonana ana kwa ana na mtumishi mwenye mamlaka kabla ombi lake halijakataliwa.

"Kiko mwishoni, Ustadh," nikasema. Ndilo neno pekee lililonijia. Sikumbuki kukiandika. Kizuri lakini.

Alasiri nimeifungua sheria yenyewe. Ina vifungu 113.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimehesabu upya. 113.

Nimepekua dibaji, viambatisho, tanbihi. Hakuna. Nimeiuliza programu. Imeniomba radhi kwa heshima kubwa, ikanipa badala yake kifungu cha 121.

Wali wa nazi leo haukushuka. Mama kadhani nna mchumba.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimekwenda kusema. Wallahi nilikwenda kusema. Nimekuta kifungu kimechapishwa kwa herufi kubwa, kimetiwa fremu, kimetundikwa nyuma ya kiti cha Ustadh. Nakala ishafika kwa kamati. Mwenyekiti kasema ikiwa Ulaya wanalinda dirisha, sisi tutalifungaje?

Nikasifu fremu. Nikatoka.

Bi Thuraya kapanda juu na sahani ya halwa kunishukuru. Ana miaka kumi na tisa dirishani. Nimeipokea. Nimeila yote. Mwoga, na mlafi juu yake.

Jumanne, 14 Oktoba
Balaa limeongezeka. Kuna profesa wa sheria kutoka Ulaya, yupo mjini kwa mkutano mwingine. Utafiti wake ni huuhuu: mashine na serikali. Kamati imemwalika Alkhamisi. Ustadh Hilal atamuuliza swali la kwanza, juu ya kifungu cha 118. Kalifanyia mazoezi mbele yangu mara sita. Mara ya sita kaongeza kidole.

Njia nilizonazo. Kuumwa. Kuacha kazi. Kumfuata profesa hotelini nimwombe akubali kwamba kifungu kipo. Hii ya tatu nimeifikiria muda mrefu, bila mzaha.

Na liko hili pia. Nikisema kweli, dirisha linafungwa. Nikinyamaza, profesa atasema yeye, na dirisha litafungwa vilevile, na Ustadh ataumbuka mbele ya watu akiwa na kidole juu.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimemwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele.

"Maneno hayo kayasema nani?" kaniuliza.

"Hakuna mtu, Mama. Mashine imeyatunga."

"Na saini ya nani?"

"Yangu."

"Basi mtu yupo," akasema. Akaendelea na mchele.

Alkhamisi, 16 Oktoba
Saa moja asubuhi nilikuwa kwenye maegesho. Ustadh Hilal alipofika nilifungua mlango wa abiria nikaingia, jambo ambalo halifanywi. Nikasema yote kabla hajazima gari. Hakuzima. Kiyoyozi kinavuma, yeye anatazama ukuta.

"Hakipo?"

"Hakipo, Ustadh."

"Hata kwa maana?"

"Maana ipo kidogo, kwenye cha 14 na cha 86. Lakini hawakutaja ana kwa ana. Hawakutaja dirisha."

Akapunguza kiyoyozi. Kisha akasema, kwa Kiswahili, ambacho kazini hakitumii: "Mie nishamsomea mke wangu."

Ningefurahi zaidi kama angenitukana. Akaiweka sawa kofia yake kwenye kioo. "Mie silisemi. Utalisema weye."

Watu kumi na mmoja mezani. Nikasimama. Nikasema kifungu hakipo, kimetungwa na programu, nami nimekipitisha bila kukisoma kwa sababu nilikuwa nakwenda arusini. Nilisema kwa Kiarabu. Kisha nikarudia kwa Kiingereza kwa ajili ya profesa. Aibu ileile, mara mbili.

Profesa ni mwanamke mfupi, miwani moja machoni, nyingine kichwani. Hakucheka. Alisema yeye aliwahi kunukuliwa kitabu ambacho hajakiandika, akakitafuta wiki nzima kwa sababu jina la kitabu lilimvutia. Kisha akaeleza sheria inasema nini khasa. Mwenyekiti akauliza kama sheria hiyo inawalazimisha Ulaya kuweka dirisha. Akajibu hapana, hailazimishi. Mwenyekiti akafunga jalada.

Miguu yangu ilikuwa bado imesimama, sijui kwa nini. Nikasema nna jambo moja ambalo nimeliona kwa macho yangu. Nikaeleza ramani ya Mama. Mwezi mzima kukataliwa, dakika moja dirishani.

"Wangapi wako kama mama yako?" akauliza mwenyekiti.

"Sijui. Hakuna aliyewahesabu."

"Wangewezaje kuhesabiwa," akasema Ustadh Hilal ghafla, "na programu haitoi sababu?" Bila kidole safari hii.

Wakabishana saa nzima. Uamuzi: dirisha libaki miezi sita, kila anayekuja aandikwe na sababu yake, kisha kamati ikae upya. Mwandishi awe nani? Ustadh hakunitazama hata. Akalitaja jina langu, ubini wangu na namba yangu ya kazi.

Na barua ya onyo juu yake. Nimeisoma neno kwa neno. Haina kosa.

Jumapili, 26 Oktoba
Dirishani, wiki ya kwanza imekwisha. Fremu imeondolewa, msumari umebaki. Ustadh anaijibu salamu yangu, nusu yake.

Leo tisa. Wanne picha hazionekani, watatu jina kwa herufi za Kilatini limeandikwa namna mbili, mmoja kakosea idara.

Wa tisa mzee mmoja, kavaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Ombi lake limeshakubaliwa. Simu imemwambia tangu Jumatano. Nikamuuliza anataka tumsaidie nini.

"Nimekuja kusikia," akasema.

Nikaangalia. "Limekubaliwa, baba. Ujenge kwa kheri."

Akashukuru. Akakaa kidogo kwenye kiti, chini ya feni, akanywa maji aliyompa Bi Thuraya, akaondoka.

Daftari lina safu ya sababu. Nilishika kalamu muda. Bi Thuraya akachungulia, akasema niandike jina lake kwanza, hayo mengine yatakuja.

Nimeandika jina. Saa nane na nusu tukafunga.